Zamu ya Usiku

Katika kazi ya kuuguza wenye maradhi ya akili, niliyoiingia nikiwa kijana asiyeota ndevu na kuiacha nikiwa mzee wa miwani na mkongojo, zamu ya usiku ndiyo iliyokimbiwa na kila mtu: wenye vyeo waliona kukesha hakuna staha, wenye ndoa changa waliona hakuna insafu, na wenye hofu, ambao hawakuwa wachache, walisadiki kwamba wazimu hushitadi gizani na kwamba mwezi mpevu ukichomoza wodi nzima huamka. Mimi niliipenda, wala sikuipenda kwa ushujaa. Mchana hospitali ilikuwa mali ya madaktari, makarani, wapishi na wageni. Usiku ilikuwa yetu sisi na wagonjwa, na mtu aliyejaliwa masikio na subira aliweza kujua kwa usiku mmoja mambo ambayo daktari, apitaye asubuhi na kusimama kitambo kidogo mbele ya kila kitanda, hakuyajua kwa mwezi mzima. Takriban yote ninayoyafahamu juu ya maradhi haya na tiba zake niliyapata kwanza kwa njia hiyo, na vitabu, ambavyo baadaye nilivisoma kwa uchu, vilikuja kunipa majina ya vitu nilivyokwisha kuviona.

Nilizaliwa Pangani, mji ambao mtu akirukwa na akili hakosi watu wa kumweleza sababu. Wapo waliosema ni jini, na jini naye ana kabila lake na matakwa yake. Wapo waliosema ni husuda ya mtu aliyetega kitu njiani. Na walimu wetu wa chuoni, watu wa murua na elimu, waliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, wakaziosha kwa maji ya waridi, wakamnywesha mgonjwa kombe. Jirani yetu mmoja, mwanamume mwenye nguvu aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikaa kaskazi nzima na kusi yake mguu mmoja ukiwa umepitishwa katika tundu la gogo, na nduguze waliomfunga hawakuwa makatili: mkewe alimlisha kwa mkono wake, mama yake alimwogesha, na usiku, alipoimba nyimbo za baharini mpaka alfajiri, hakuna jirani aliyemtukana. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu nimewasikia vijana wengi wenye vyeti wakilizungumza gogo lile kwa dharau, nao hawajui kwamba hospitali nilizozikuta mbele ya safari yangu zilikuwa na magogo yao pia, ila yalikuwa ya chuma, au ya mlango mzito, au ya dawa ndani ya bomba la sindano.

Nchi zetu zilijenga nyumba za wenye wazimu kabla ya kuwa na tiba ya wazimu. Lutindi, juu ya milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameanza kwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, iligeuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1904; Nairobi ilipata ya kwake mwaka 1910, ambayo baadaye iliitwa Mathari; na katika nchi kavu ya Wagogo, hapo Dodoma, Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927. Hospitali niliyoanzia kazi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, sitaitaja, kwa kuwa wengi niliofanya nao kazi wameacha watoto na wajukuu, na baadhi ya nitakayoyasema hayapendezi. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na ukuta, na funguo, na hesabu ya vichwa asubuhi na jioni. Mgonjwa aliletwa na askari mwenye karatasi ya hakimu mkononi, na karatasi hiyo haikuuliza mtu huyu anaumwa nini, bali amemtendea nani nini.

Swali hilo la karatasi lilipotosha hata elimu ya wakubwa. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu mwaka 1938, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake alidai kwamba Mwafrika huitumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake, akafika hata kumlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Tena akaona kwamba maradhi ya huzuni ni nadra kwetu. Nilikisoma kitabu hicho usiku, wodini, na vitanda vichache kutoka meza yangu alikuwapo mzee mmoja aliyeamka kila siku saa tisa za usiku, akakaa mikono juu ya magoti, akingoja mapambazuko bila ya kuyatamani. Katika kitabu cha ripoti mzee huyo aliandikwa kuwa hana tatizo. Mwenye huzuni hampigi mtu, hatembei uchi sokoni, hamtukani liwali. Basi nani amshitaki kwa hakimu hata aipate ile karatasi? Walikuwako, tena tele, ila walibaki vyumbani mwao wakihesabiwa na jamaa zao kuwa wavivu au wachamungu, na mtaalamu aliyehesabu wagonjwa wa hospitali yake alidhani amehesabu bara zima.

Aliyenifundisha kukesha alikuwa mhudumu mmoja mzee, Mgogo asiyejua kusoma, ambaye aliweza kupita katikati ya wodi pasipo kuwasha kurunzi na kukwambia nani amelala na nani anajifanya. “Mwanangu,” aliniambia katika juma langu la kwanza, “usitazame macho, macho hufumbwa, sikiliza pumzi.” Kwake nilijifunza kwamba asiyelala kwa sababu anasikia sauti hulala upande mmoja bila ya kugeuka, maana anasikiliza, kwamba mwenye furaha iliyopita kiasi halali wala hachoki, naye asubuhi huwa na nguvu kuliko wewe uliyekaa kitini, kwamba mwenye huzuni hupata usingizi mwanzo wa usiku na kuupoteza mwisho wake, na kwamba mwenye wasiwasi huupoteza mwanzo na kuupata alfajiri, wakati wa kengele. Miaka mingi baadaye nilikuja kuyasoma mengi ya hayo katika vitabu vizito, nikawa nikiisikia kila sura kwa sauti ya yule mzee.

Dawa ya usiku katika miaka hiyo ilikuwa paraldehaidi, maji yasiyo na rangi yenye harufu kali isiyosahaulika, ambayo mwili huitoa kwa njia ya mapafu, hata wodi nzima ya watu waliolala ikawa inavuta na kutoa harufu hiyo mpaka asubuhi, nasi tukarudi nayo majumbani ndani ya nguo zetu. Ilitaka bomba la kioo, kwa kuwa huila plastiki. Ilichoma nyama ilipodungwa, na mara nyingine iliacha jipu gumu. Lakini ilifanya kazi upesi, na aliyepewa aliandikwa katika kitabu kwamba amelala vizuri. Kwa waliosimamia hospitali ile, wodi tulivu ilikuwa wodi njema, na kiongozi wa zamu aliyeumaliza usiku pasipo kelele alisifiwa mbele ya wenzake, hivyo kila kitu, tangu ratiba ya dawa hadi upandishaji wa vyeo, kilisukuma upande wa ukimya. Ilinichukua miaka kupambanua ukimya wa mtu aliyepona na ukimya wa mtu aliyeshindwa, na sidhani kwamba kazi yangu yote ilikuwa na swali jingine lililokuwa kubwa kuliko hilo.

Ndipo ilipofika klopromazini, ambayo kwetu ilijulikana kwa jina la Largactil. Iliundwa nchini Ufaransa, katika maabara za Rhône-Poulenc, mwishoni mwa mwaka 1950. Daktari wa jeshi la majini aitwaye Henri Laborit, aliyekuwa akitafuta kitu cha kuwapunguzia wagonjwa wa upasuaji mshituko, aliona kwamba huwafanya watulie bila ya kuwalaza. Na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa wenye wazimu katika hospitali ya Sainte-Anne, mjini Paris. Mimi si mtu wa kushangilia dawa, lakini aliyeyaona yale na asishangae hana moyo. Alikuwapo mgonjwa wetu mmoja ambaye tangu nilipoanza kazi alikuwa akizungumza na dari, mchana kwa ukali na usiku kwa kunong’ona, wala hakuna aliyewahi kupata kwake jibu la swali lolote. Katika mwezi wa pili wa dawa, usiku, aliniita kwa adabu, akaniuliza kama ninazo habari za mama yake, yu hai au amekufa. Nilipomuuliza juu ya wale wa darini alisema kwamba wangaliko, ila wamesogea mbali, na kwamba sasa aweza kuchagua kutowajibu. Sijapata kusoma mahali popote maelezo bora kuliko hayo ya namna dawa hii inavyofanya kazi.

Wataalamu hueleza kwamba huizuia dopamini, kemikali ambayo kwayo chembe za ubongo hupelekeana habari, na kwa kuwa kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosimamia miendo ya mwili, anayetulizwa sauti zake hukazwa pia viungo vyake: hutembea bila ya kupunga mikono, uso hukosa ishara, na mikono hutetemeka. Ngozi nayo hushindwa kuvumilia jua, na katika nchi ya jua kali, ambapo wagonjwa walipelekwa kulima bustani ya hospitali tangu asubuhi, tuliwaona wakibabuka nyuso na shingo. Sisi wenyewe tuliopima dawa ya maji tuliwashwa mikono na kutoka vipele.

Kijana mmoja aliyekuwa akitumia dawa mpya zaidi ya jamii hiyo, haloperidoli, aliruhusiwa kwenda kwao kwa sikukuu ya Idi, akarudishwa siku ya pili na mama yake, shingo imepinda hata kidevu kikaelekea bega, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje. Ghala yetu ilikuwa imeishiwa na vidonge vya Artane, ambavyo aghalabu hutolewa pamoja na dawa zile ili kuzuia mkazo huo, naye akapewa ruhusa bila ya kupewa kinga. Mama yule alikuwa ametumia nauli ya mwezi, naye hakuja kushukuru. “Bwana dresa,” aliniambia, “jini wa kwetu alikuwa akisema naye tu, huyu mliyempa nyinyi anamvunja shingo.” Daktari alimdunga kijana dawa ya kulegeza, na kabla ya nusu saa kupita shingo ilinyooka na ulimi ukarudi mahali pake. Mama alitazama, akakaa kitako, akasema kwamba sasa amefahamu: tunao wawili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kuteremsha, na kwamba siku nyingine tumpe wote pamoja. Maneno hayo yalikuwa sahihi kwa kila hali, nami nimeyatumia kuwafundishia wauguzi wanafunzi.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba kila aliyefika kwetu alikuwa mgonjwa wa akili. Alipata kuletwa mrina asali mmoja kutoka nchi za magharibi, upande wa Kibondo, ambako misitu ya miombo ina mbung’o wengi. Habari zake, kwa mujibu wa karatasi, zilikuwa za mtu wa amani aliyebadilika katika miezi michache: alicheka mazikoni, alimfukuza mkewe bila ya sababu, akampiga nduguye kwa mti wa mzinga. Wauguzi wa mchana waliandika kwamba ni mvivu, maana alisinzia hata na tonge mdomoni, na juani alilala akiwa amesimama. Nami usiku niliandika kwamba hafumbi jicho, huzunguka wodi, hushika kuta na kujikuna. Waliomtazama mchana na sisi tuliomtazama usiku tulikuwa tukiandika juu ya watu wawili, na kwa kuwa usiku alipewa paraldehaidi akanyamaza, hakuna aliyeona haja ya kuzikutanisha habari hizo. Nilizinakili zote ukurasa mmoja, mchana kushoto na usiku kulia, nikaziweka juu ya meza ya daktari kijana aliyekuwa amehamia karibuni. Alisoma, akauliza mtu huyu anatoka wapi, akaagiza damu itazamwe kwa hadubini, kisha maji ya uti wa mgongo; na vijidudu vya malale vilikuwamo. Mgonjwa alihamishwa kwenda kutibiwa kwa dawa iitwayo melasoproli, yenye aseniki ndani yake, ambayo huchoma mshipa inapoingia na ambayo huua baadhi ya wale inaowatibu, naye aliokoka. Aliporudi kuchukua vitu vyake hakukumbuka kuwa amepata kukaa kwetu, na jambo lililomkera lilikuwa mizinga yake, ambayo msimu wake ulikuwa umepita.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia zamu yangu nilitaka kwanza nijue joto la mwili wake na mahali alikotoka. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme na asiowaona. Homa ya matumbo hali kadhalika. Kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi huuharibu ubongo na kumfanya maskini ajione sultani. Na njaa ya mahindi matupu, ambayo madaktari huiita pelagra, huanza na ngozi na kuishia na akili. Kabla ya penisilini, mtaalamu wa Vienna aliyeitwa Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria wenye kaswende ya ubongo ili homa iunguze ugonjwa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Wenzangu, ambao kila masika walilazwa kwa malaria, hawakuamini niliposoma habari hiyo kwa sauti.

Nirudi kwa wenye huzuni, ambao siku hizi maradhi yao huitwa sonona, kwa sababu kwao nilikaa muda mrefu kuliko kwa wengine wote, na kwao nilibadili rai. Nilipoanza kazi niliichukia mashine ya umeme. Ilibuniwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, na katika hospitali yetu ilitumiwa bila ya kumlaza mgonjwa kwa dawa: mpira katikati ya meno, vitambaa vya maji ya chumvi kwenye panda za uso, na watu wanne wa kushika mabega na nyonga ili degedege lisivunje mifupa. Baya kuliko hayo ni kwamba jina la mashine lilitumiwa kuwa fimbo, na mgonjwa mwenye kelele aliambiwa mbele ya wenzake kwamba akiendelea atapelekwa huko. Kisha akaletwa mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa hali wala hanywi, akishikilia kwamba matumbo yake yameoza na kwamba chakula kikiingia kitamwagikia kaburini. Alikuwa amekonda hata tukamwinua kwa mkono mmoja. Alipewa matibabu hayo kwa utaratibu na kwa idhini ya nduguze, na kabla ya wiki ya tatu kwisha aliomba uji, akalalamika kwamba hauna ndimu. Alisahau mambo mengi ya majuma yale, wala hakuona hasara. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwanza na misuli ikalegezwa, naye haoni wala hasikii. Lakini watu bado hulaani tiba hiyo kwa habari za zamani, na anayeilaani aghalabu hajapata kumlisha kwa nguvu mtu aliyeamua kufa kwa njaa.

Vidonge vya huzuni vilifuata. Imipramini ilitambuliwa na daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, aliyetangaza habari zake mwaka 1957, na shida yake ni kwamba haifanyi haraka: hupita wiki mbili, pengine tatu au nne, kabla ya moyo kuinuka, na katika muda huo kuna kipindi ambacho miguu hupata nguvu kabla ya moyo kupata tamaa ya kuishi. Hapo ndipo muuguzi wa usiku anapostahili mshahara wake. Sheria nayo haikutusaidia, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji; hivyo jamaa walituambia uongo kwa kuogopa askari, wakasema ameteleza, au amekosea chupa, nasi tukajifunza kuuliza kwa upole na faragha, na kuandika kwa uangalifu. Sijaona mtu aliyezuiliwa na kifungu kile. Nimeona wengi waliochelewa kuletwa kwa ajili yake.

Nilipokuja kuwasoma watu wa zamani nilimkuta Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, ambaye katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi alikwisha kupambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake, akiiona hii ya pili kuwa ina asili katika mwili na yahitaji tiba ya mwili pia. Ningalikuwa na kitabu hicho mapema ningaliwasomea masheikh wa Pangani, ambao walimwambia kila mwenye jitimai kwamba imani yake ni dhaifu, wakamwongezea mzigo wa dhambi juu ya mzigo wa maradhi.

Juu ya wanawake wanaorukwa na akili baada ya kujifungua nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe ni wazi: huanza aghalabu katika wiki mbili za kwanza, huanza kwa kukosa usingizi hata mtoto anapolala, na likiwahiwa hupona vizuri kuliko karibu maradhi yote niliyoyauguza. Kungwi mwenye akili analijua hilo kuliko daktari. Na wenye moyo wa kupanda na kushuka, leo mfalme, mwezi ujao mfu, wanayo lithiamu, chumvi ambayo John Cade wa Australia alionyesha faida yake mwaka 1949. Ila kipimo kinachotibu kiko karibu mno na kipimo kinachodhuru, damu lazima ipimwe kila mara, na katika wilaya zetu nyingi hakukuwa na wa kuipima, hivyo dawa bora ya maradhi hayo niliiona zaidi katika vitabu kuliko katika kabati.

Mawazo yalianza kugeuka Afrika yenyewe. Huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa katika vijiji vinavyoizunguka hospitali, kila mmoja na jamaa yake, wakitibiwa mchana na kulala katika nyumba za watu. Kwetu, baada ya uhuru, vilianzishwa vijiji ambako wagonjwa walilima na kufuga; na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa taifa, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ulianza katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kusudi matibabu haya yatoke nyuma ya kuta na kuingia katika zahanati za kawaida. Mimi nilihamishiwa pwani, nikapewa chumba kimoja katika hospitali ya wilaya, kabati, na sindano za Modecate, dawa ya jamii ya Largactil iliyoyeyushwa katika mafuta, ambayo hukaa mwilini wiki mbili hadi nne. Wagonjwa walikuja kwa siku maalumu ya mwezi, na usiku wao ukawa mikononi mwa wake zao na mama zao, ambao iliniwia lazima niwafundishe kusikiliza pumzi. Waganga wa pungo nao nilizungumza nao, maana mgonjwa wangu alikuwa wao pia. Tulikubaliana kwamba ngoma ipigwe mapema, isifike usiku wa manane, na kwamba asiambiwe mtu kuacha sindano. Wawili walishika ahadi, mmoja hakushika.

Katika wagonjwa wa chumba kile yupo fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, ambaye nimebaki naye hata baada ya kustaafu kwa sababu ndiye anayenishonea kanzu. Kwa kipimo kilichoandikwa hapo mwanzo alikuwa mtulivu kabisa, mkewe akashukuru, daktari akaridhika, na kadi yake ikaandikwa maendeleo mazuri. Lakini alikaa mbele ya cherehani mikono imeganda, hawezi kutia uzi katika tundu la sindano, na wateja wakamhama. Alinijia akasema, “Shikamoo mzee, mmeniponya, lakini sina kazi.” Kipimo kilipunguzwa kwa shauri la daktari wa wakati huo, kidogo kidogo, kwa muda wa mwaka mzima, hata mikono ikarudi, na sauti nazo zikarudi kiasi, baada ya isha, akiwa peke yake. Husema kwamba huwasikiliza mpaka wakachoka, kisha hulala, naye hulala kwa muda wa saa saba kamili. Mkewe ndiye shahidi.

Sasa amekuja daktari mpya, kijana mwenye bidii ninayemheshimu, ambaye alipoona katika kadi kwamba fundi bado anasikia sauti aliandika kipimo kiongezwe. Nilimwandikia barua ndefu kuhusu mikono, uzi, wateja na saa saba za usingizi, na badala ya kunijibu kwa karatasi alikuja mwenyewe barazani kwangu, akaketi, tukabishana mpaka magharibi. Yeye anaona kwamba sauti iliyoachwa ni cheche iliyoachwa. Mimi naona kwamba mtu anayekula kwa jasho lake na kulala usiku hana haja ya ukimya wetu. Tulipatana kwamba kipimo kisiguswe kwa sasa, na kwamba tumwangalie kwa karibu katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati mafundi wote wa cherehani hukesha kwa ajili ya nguo za Idi, maana ikiwa maradhi yatatafuta mlango, ndipo yatakapoupata. Na mkewe ameahidi kuleta habari kila asubuhi.